Upande wa mgeni: kisa cha mhariri wa sauti asiyeona, Mombasa

Mara nne ameketi katika studio za redio hapa Mombasa, na mara zote nne alikaa upande wa mgeni. Alivalishwa hedifoni, akaletewa maji, akaulizwa alipoteza macho lini, mamake alipokeaje habari hiyo, na ana neno gani kwa vijana waliokata tamaa. Mara zote nne ilikuwa wiki ya Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Kipindi kikiisha alipigwa picha, kisha akashikwa mkono hadi langoni. Hakuna aliyemuuliza kazi yake ni ipi. Kazi yake ni kuhariri sauti.

Naandika kisa hiki kwa idhini yake. Jina lake silitaji, kwa ombi lake mwenyewe. Amelisikia jina hilo likitangazwa mara za kutosha kando ya neno "kipofu". Nitamwita fundi, kama tuwaitavyo watu wote wa mitambo ya sauti, na kwa sababu ndilo jina alilolihangaikia miaka sita bila kuitwa. Mimi nina studio ndogo mtaa wa Tudor: chumba cha kurekodia, chumba cha kuhariria, na watu watano tukijihesabu sote. Twatengeneza matangazo ya biashara ya redio, michezo ya redio na sauti za kuwekwa kwenye video. Fundi ni mmoja wa hao watano. Nataka kueleza alivyofika hapa, kilichomchelewesha, na kosa nililolifanya mimi siku ya kwanza, maana mengi yaliyomchelewesha hayakutoka machoni mwake.

Alikotoka

Ni mzaliwa wa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Akiwa mtoto alibeba spika za DJ wa harusi wa mtaani kwao, na kufikia miaka 13 alikuwa tayari ndiye anayeitwa waya ukianza kukwaruza. Presha ya macho, ambayo hospitalini huitwa glakoma, ilimwanza karibu wakati huo huo. Mara nyingi ugonjwa huu huingilia pembeni: mtu huona kilicho mbele yake na kukosa kilicho ubavuni, ndiyo maana wengi huchelewa kujua kuwa wanaumwa. Neva ya jicho ikishakufa hairudi. Alipofika miaka 17 mwanga wote ulikuwa umekwenda. Akajifunza nukta nundu, maandishi yasomwayo kwa vidole, akamaliza shule, akaenda kusoma diploma ya uanahabari katika chuo kimoja hapa mjini.

Kuna jambo moja la chuoni ambalo hulirudia kila tukizungumza. Kozi ilikuwa na somo la kamera. Mwalimu hakumwambia afanye nini badala yake, wala hakumpa zoezi lolote. Mwisho wa muhula akamwandikia alama za kupita. Kwa huruma, alisema. Fundi anasema alama hizo zilimuuma kuliko angeanguka, kwa sababu diploma yake sasa yasema anajua jambo asilolijua, na yeyote anayeisoma ana haki ya kuitilia shaka hata ile sehemu anayoijua kweli. Mimi nakubaliana naye. Alama ya bure humchafulia mtu zile alama alizozitolea jasho.

Akapata miezi mitatu ya mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja. Kituo kilikuwa na vifaa vizuri na vipya, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Miksa ya studio, mtambo wa kuchanganya sauti, ilikuwa ya kioo cha kugusa. Kioo hakina nundu. Kidole cha asiyeona kikigusa hakijui kiko wapi, na kikikosea kimeshazima kipaza sauti cha mtangazaji aliye hewani. Programu ya kupanga nyimbo na matangazo nayo ilikuwa na vitufe vilivyochorwa kama picha, bila majina ndani yake. Programu inayomsomea skrini ilipopita juu yake ilitamka "kitufe, kitufe, kitufe", basi.

Akaomba aruhusiwe kutumia kompyuta ya ziada iliyokuwa chumba cha nyuma, aweke programu zake mwenyewe, apewe mahojiano ya kukatakata. Akaambiwa litaangaliwa. Miezi mitatu ikapita akiwa mapokezi. Walimpenda, hilo analisema waziwazi. Walimnunulia chakula, walimvusha barabara, mkuu wa kituo alikuwa akimwamkia kwa jina kila asubuhi. Desemba ilipofika wakamwita tena, safari hii hewani.

Nimekifikiria sana kituo hicho. Sioni chuki mahali popote. Naona kwamba walikuwa na kiti kimoja walichojua kumkalisha mtu wa namna yake, na kiti hicho kilikuwa mbele ya maikrofoni ya mgeni. Hawakuwa wamewahi kumwona mtu kama yeye upande wa pili wa kioo cha studio, waliko mafundi, kwa hiyo ombi lake la kompyuta ya chumba cha nyuma halikuwaingia akilini kama ombi la kazi. Waliliona kama hamu ya mgeni kutembezwa ndani.

Siku aliyokuja kwangu

Alipanda ngazi zetu peke yake, fimbo nyeupe mkononi na begi mgongoni. Nilikuwa nimewahi kumsikia redioni. Nikamkaribisha, nikaagiza chai na mahamri, na kabla hajamaliza kikombe nikamwambia nina wazo: tufanye mfululizo wa vipindi kuhusu maisha yake. Akaweka kikombe chini.

"Dada, nimekuja kuomba kazi. Sikuja kuhojiwa."

Miaka 14 nipo katika kazi hii, na bado mtu asiyeona aliposimama mlangoni kwangu nilichokiona ni kipindi. Nikamwomba radhi. Kisha nikafanya ninalomfanyia kila anayeomba kazi: nikampa faili. Yalikuwa mahojiano ya dakika saba na fundi wa kuunda mashua, yamerekodiwa nje, upepo na kunguru wote wamo. Nilitaka sekunde 90 safi, ndani ya saa moja.

Akatoa laptop yake. Ilikuwa na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Zipo za kulipia, lakini bei yake yaweza kupita ya kompyuta yenyewe. Ya kuhariria ilikuwa REAPER, ambayo hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya bei nafuu ni dola 60. Katikati ya hizo mbili kuna kiungo kiitwacho OSARA, kilichoanzishwa na James Teh, mwenzake Curran katika NVDA, asiyeona pia. Bila hicho, REAPER ni ukuta. Ukikiweka, kila msitari wa sauti, kila mkato, kila sehemu uliyosimama hutamkwa. Fundi hana haja ya kipanya. Hucheza kwa kibodi, husimama, hurudi nyuma nusu sekunde, hukata, husikiliza pale alipounganisha, hukata tena. Sauti ya NVDA ameiweka kasi hata mimi niliyekaa pembeni sikupata neno.

Nataja majina ya watu hao wawili kwa makusudi. Vifaa anavyotumia fundi vilitengenezwa na watu wasioona waliochoka kungoja vitengenezwe. Habari hiyo sikuwahi kuisikia katika kipindi chochote cha Desemba 3.

Dakika ya 48 akaniita. Zilikuwa sekunde 89. Neno moja la maana, "mtepe", jina la mashua ya kale iliyoshonwa kwa kamba, lilikuwa limefunikwa na kunguru kwenye rekodi. Wa Mombasa tunawajua ndege hawa: watanyamaza dakika nzima, kisha walie juu ya neno unalolitaka. Alikuwa ametafuta mahali pengine yule mzee alipolitaja neno hilo bila kunguru, akalikata, akalipandikiza, na sikusikia palipounganishwa. Mwishoni aliacha kunguru mmoja alie kwa mbali. Nilipomuuliza kwa nini hakumtoa, akasema mashua yaundwa ufuoni, na ufuo usio kunguru si wa hapa.

Lakini kulikuwa na kasoro, na naileta hapa kwa sababu ina faida. Chini ya sauti ya mzee palikuwa na mvumo mzito wa umeme ambao hakuuondoa. Spika zangu ziliutoa wazi. Fundi alinyamaza, akavua hedifoni zake akanipa. Zilikuwa za kuuzwa barabarani. Sauti nzito hazifiki kabisa. Nikampa zangu, akausikia mara moja, akautoa kwa dakika tatu.

Watu hupenda kusema kwamba asiyeona amefidiwa masikio makali. Fundi neno hilo hulikataa kwa nguvu. Alivyonieleza, ukimwambia hivyo umemnyang'anya maelfu ya saa alizokaa na kompyuta, ukaziita zawadi. Na siku akikosea, utadhani zawadi imeisha, wakati alichokosa ni hedifoni.

Tulichobadilisha, na kilichotushinda

Nilimchukua kwa majaribio ya mwezi mmoja, kwa malipo. Siku ya kwanza ya kurekodi ilitufunza. Mwigizaji alikuwa ndani akisoma tangazo la unga, na ghafla akasimama, akatoka akiuliza ni nani anayemsemesha kwa Kiingereza masikioni. Ilikuwa NVDA. Sauti ya kisoma skrini ilikuwa ikipita njia moja na sauti ya kurekodia, ikaingia kwenye hedifoni zake. Tukazitenganisha: NVDA itoke kwenye tundu la laptop yenyewe, REAPER ipite kwenye kadi ya sauti ya nje. Fundi huvaa kipokea sauti kidogo sikio moja kwa ajili ya NVDA, na hedifoni kubwa juu yake. Ilichukua nusu saa kupanga, gharama yake ikawa waya mmoja.

Miksa yetu tulikuwa tukiiendesha kwa tableti. Tukatafuta ya zamani, yenye vishikio vya kusukuma juu na chini, tukaipata kwa mtu aliyeacha kupiga muziki wa harusi. Juu ya njia anazozitumia zaidi tuliweka tone la gundi lililokauka. Anapitisha vidole mara moja na ameshajua yuko wapi.

Jambo lililotusumbua zaidi sikulitarajia: maandishi. Wateja wa Mombasa hutuma maneno ya tangazo kwa WhatsApp, na nusu yao hutuma picha. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono, imepigwa picha mezani kando ya kikombe cha kahawa. Picha ya namna hiyo kwa kisoma skrini ni bubu. Mwanzoni tulimsomea kwa sauti, lakini hapo akawa anategemea nani yupo na nani ana haraka. Sasa kanuni ni kwamba hakuna kazi inayoingia bila maneno yaliyochapwa. Mteja asipoweza, tunachapa sisi kabla ya kitu kingine chochote. Akitaka kusoma mwenyewe kwenye maikrofoni, huandika kwa nukta nundu, na hapo pia tulijifunza: karatasi ya nukta nundu ni nzito, na ikisogea mezani maikrofoni huisikia. Huwekwa juu ya kitambaa, na husoma kwa mkono mmoja huku wa pili umeishikilia pembeni.

Kisha ishara za mikono. Studio zote huzungumza kwa mikono kupitia kioo: endelea, punguza, kata. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hiyo ni lugha, mpaka akaja mtu asiyeiona. Sasa tunasema. Kuna kitufe cha kuzungumzia, na mwigizaji akitaka kusimama husema "simama". Mzee wetu mmoja wa maigizo alinung'unika wiki ya kwanza, kwamba tunamvunjia pumzi. Amezoea.

Yapo yaliyotushinda. Pesa nyingi za kazi yetu siku hizi zimehamia kwenye video: harusi, hoteli, wafanyabiashara wanaotaka kitu cha kurusha kwenye simu. Kulinganisha neno na midomo ya mtu kwenye picha fundi hawezi peke yake. Lazima mwenzake amwekee alama kwanza. Tunafanya hivyo, lakini inakula muda na mteja wa video hulipa kwa haraka yake. Sitaki kujifanya tumelimaliza hilo. Na kuna usiku. Kazi za matangazo mara nyingi huisha saa nne au saa tano, na yeye ana kivuko mbele yake. Kivuko cha Likoni chenyewe ni mwendo wa dakika chache. Kinachotisha ni msongamano wa kuingia na kushuka, watu wakikimbilia nafasi, pikipiki zikinguruma ubavuni. Aliwahi kusukumwa akaangusha fimbo, ikakanyagwa. Tulikubaliana kazi yake iishe saa kumi na mbili jioni, na ikipita hapo studio inalipa teksi mpaka kwao. Ni gharama kwetu, tena ya kila mwezi, na nimeiingiza kwenye bei ya kazi kama ninavyoingiza umeme.

Sheria inafika wapi

Nilipotaka kumwandikia mkataba nilizisoma sheria kwa mara ya kwanza, jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, katika ibara ya 30 unazitaka nchi ziwawezeshe watu hawa kukuza na kutumia vipaji vyao vya ubunifu, na unasema wazi kwamba ni kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii pia. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vyote vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi kwenye habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Hilo ni jema. Lakini kwa upande wa vyombo vya habari, hapo iliwafikiria watu wenye ulemavu kama watazamaji. Kuhusu ajira, ilisema Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kupata asilimia 5 ya nafasi za vibarua, za dharura na za mikataba. Litajitahidi! Neno kama hilo halimfungi mtu.

Sheria mpya ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya hiyo, imekaza zaidi. Muswada wake ulisimamiwa na Seneta Crystal Asige, mwimbaji aliyepoteza uwezo wa kuona kwa glakoma, ugonjwa ule ule wa fundi. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi. Naifurahia sheria hiyo kwa moyo wote. Ila asilimia 5 ya 20 ni mtu 1, na ulimwengu wetu wa sauti, picha na maigizo hapa Mombasa haufanyi kazi kwa watu 20. Ni studio za watu watatu, watano, wanane. Mpiga picha za harusi na msaidizi wake. Kikundi cha maigizo kinachokutana Jumamosi. Mtangazaji anayelipwa kwa kipindi. Hata kituo cha redio chenye sauti inayosikika kaunti nzima kinaweza kuwa na waajiriwa wachache, wengine wote wakiwa wa kuitwa na kulipwa kwa siku. Hapo sheria haigongi mlango.

Msamaha wa kodi nao ni vivyo hivyo. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza na kupata cheti cha msamaha hasamehewi haba: shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Lakini anayelipwa 24,000 au chini yake huwa hafikii hata kuanza kukatwa kodi ya mshahara, na wengi wanaoanza kazi zetu wako hapo. Fundi alijisajili, akafanyiwa uchunguzi wa hospitali, akapata kadi. Alisema anaitunza kwa siku atakayoihitaji. Mimi ningependa siku hiyo ije kupitia kazi ya kawaida, inayolipwa bei ya kawaida, na ndiyo maana bei imekuwa vita vyangu vikubwa kuliko vifaa.

Mteja mmoja alipojua anayehariri haoni aliomba apunguziwe, kwa hoja kwamba kumbe tunafundisha. Nilikataa, akaondoka. Mwingine alitaka kuongeza pesa, kwa sharti kwamba tuandike kwenye ukurasa wake kuwa tangazo limetengenezwa na kipofu. Huyo nilimpeleka kwa fundi mwenyewe. Alimjibu kwa adabu kwamba bei ni ile ile na jina halitakuwepo. Baadaye akaniambia, "Wale wawili ni sawasawa, dada. Hakuna aliyesikiliza tangazo."

Fimbo

Tulipata kazi ya mchezo wa redio wenye mhusika asiyeona, mama muuza vitafunio. Mwigizaji alikuwa mwanamke anayeona, hodari, na mwandishi wake alikuwa ameandika kwamba mama huyu "anapapasa" katika kila onyesho. Fundi alikuwa mtu wa kuchanganya sauti tu, hakuulizwa maoni. Tulifika mahali mama anapotembea kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, na fimbo yake yasikika: ta, ta, ta, ta. Fundi akasimamisha.

"Hiyo si fimbo. Hiyo ni mtu apiga meza."

Ilikuwa kweli, mtu alikuwa amegonga meza kwa rula. Kesho yake tulikwenda naye Mji wa Kale alfajiri, kabla ya pikipiki. Akatembea, mimi nikamfuata na kinasa sauti. Sijawahi kusikia kichochoro namna ile, na nimekulia Kibokoni, humo humo Mji wa Kale. Fimbo haigongi kwa mpigo sawa. Inafagia kushoto na kulia, inagusa kwa wepesi, inachelewa mahali ardhi inapobadilika. Kati ya kuta za mawe ya matumbawe mlio wake unakuwa mfupi na wa karibu. Ukipita mlango ulio wazi, sauti inatoboka upande mmoja, kama iliyomezwa na nyumba. Penye baraza inarudi tena, laini. Kichochoro kikifunguka kwenye uwanja, mlio unaondoka wala haurudi. Fundi alikuwa akiniambia kabla hatujafika: hapa kuna mlango, hapa njia yakata. Mama wa kwenye mchezo hakuwa akipapasa tena. Alikuwa akijua njia.

Mwandishi aliposikia alinyamaza, kisha akaomba arudishiwe maandishi. Alifuta "anapapasa" kila mahali isipokuwa mahali pamoja, pale mama anapotafuta sarafu iliyoanguka, kwa sababu pale mtu yeyote angepapasa. Swali la kwa nini mwigizaji hakuwa mtu asiyeona liliulizwa, na jibu la mwandishi lilikuwa kwamba hakumjua yeyote. Fundi alimtajia watatu. Mmoja wao amepewa sehemu katika mchezo unaofuata, ya mwanamke anayeona.

Hiyo ndiyo kazi watu huniuliza habari zake, na naielewa sababu. Ila yangekuwa hayo tu, tungekuwa tumemhamishia kiti cha mgeni ndani ya chumba cha kuhariria: anaitwa pakiwa na fimbo, anapumzishwa pakiwa na sabuni. Kazi iliyonipa furaha kubwa zaidi mwaka huo ni tangazo la sabuni la sekunde 30. Hakuna mlemavu ndani yake, hakuna hadithi. Kuna maji yanayomiminika kwenye beseni, watoto wawili wakicheka, na sauti ya mama ikiita kutoka mbali. Mteja alilisikiliza mara moja, akasema sawa, akalipa, akaagiza mengine matatu. Hakujua ni nani aliyelitengeneza wala hakuuliza.

Novemba iliyopita

Simu ilikuja wiki ya mwisho ya Novemba, kutoka kwa mtayarishaji wa kipindi. Walimtaka fundi studioni Desemba 3, saa tatu asubuhi, dakika 40. Nilikuwa kando yake. Aliwashukuru, akauliza kama kipindi kitakwenda moja kwa moja au kitarekodiwa. Kitarekodiwa. Akauliza ni nani atakayekihariri. Mtayarishaji hakuwa na jibu, akasema kwa kawaida hufanya yule aliye zamu.

"Basi nitakuja, na kuhariri nitahariri mimi. Bei yangu nakutumia sasa hivi, kwa maandishi."

Kukawa kimya upande wa pili. Akaambiwa watashauriana. Siku mbili baadaye wakakubali, na Desemba 4 wakamtumia rekodi nzima. Alikaa nayo chumba cha nyuma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Dakika 40 akazifanya 26. Sehemu ya jinsi alivyopoteza macho aliiacha, fupi, dakika moja na nusu. Sehemu aliyoeleza namna ya kutenganisha sauti ya NVDA na sauti ya kurekodia, ambayo mtangazaji alikuwa ameikatiza akitaka kurudi kwa mamake, aliiunganisha ikawa kamili.

Wamekirusha kama kilivyo. Ankara iko kwao tangu Desemba 5, na siku 30 za kulipa hazijaisha.